Boliti ya Einar Skogstad

Lori la maziwa nililopanda lilikuwa limekwisha kuuacha mji wa Torvald nilipogeuka kutazama. Nyuma ya ghala refu la ngano moshi mweusi ulipanda wima. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa suke, na kwenye mbuga zile utulivu wa namna hiyo humkosesha mtu raha.

Mwaka ule, 1961, mji ulitimiza miaka hamsini. Injini ya mvuke iliyopasua udongo wake mara ya kwanza ilikuwa imelala miaka ishirini, na Einar Skogstad, mwana wa mwanzilishi, aliapa kuiendesha mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa kibarua wake, mtu wa kupita.

Jana yake niliingia ndani ya tanuri kukwangua masizi. Juu kabisa hukaa kizibo cha madini laini ya risasi: maji yakipungua, kinayeyuka, mvuke unauzima moto. Pale nikakuta boliti ya chuma, isiyoyeyuka.

"Bwana Einar, hii itatuua."

"Itamuua nani? Baba aliiendesha amelewa chakari!" Alicheka mpaka meno ya bandia yakacheza. "Na wewe, mzururaji, umeota mizizi lini hata uuhurumie mji wangu?"

"Rudisha kizibo chake tu."

"Kinavuja kile! Kinirushie mvuke mbele ya majirani zetu wa Kelstad? Watatucheka mpaka wajukuu. Kama unaogopa, njia ile pale."

Nikaamua kuishika njia. Asubuhi ya sherehe, nikingoja lori, alipita Gudrun, mkewe, na pai mikononi.

"Unakwenda wapi leo, mwanangu? Nami nimekutengea kiti mbele kabisa, karibu na injini!"

Nilikuwa bado na hasira na mumewe. Nikasema, "Asante, mama," nikapanda.

Tulikuwa maili nne kutoka mjini tuliposikia mshindo.

"Hao wameanza fataki mapema," dereva akasema. Sikumwambia ageuze.

Einar alizikwa Jumatano, pamoja na wapiga tarumbeta wawili. Gudrun alipona, ila macho hayakupona. Aliishi miaka kumi na mmoja kwa binti yake, hukohuko Kelstad. Reli iling'olewa, ghala likabomolewa, na Torvald haikufika miaka sabini na mitano. Dereva aliishia kuuza matrekta. Mimi nimefanya kazi katika miji kumi na saba tangu hapo. Kile kiti, naambiwa, kiliokotwa kizima.