Kochi la Fundi Vitanda

Fundi vitanda, ambaye kazi ya mikono yake imewalaza maharusi wa mtaa mzima, alikuwa akilala kwenye kochi la sebuleni. Alianza alipougua mafua, asije akamwambukiza mkewe. Mafua yakaondoka, yeye akabaki. Mganga hajigangi, wahenga walishatuonya.

Mkewe, fundi cherehani, aliachiwa kitanda kipana kama uwanja wa mpira, shuka ya upande wa mume ikiamka kila siku bila mkunjo. Hawakugombana. Walisalimiana kama wapangaji wenye adabu. Ila hakuna aliyemgusa mwenzake, na kicheko kilikuwa kimehama nyumba bila kuaga.

Jumamosi moja mke alichukua msumeno wa mumewe, akakata mguu wa kochi. Akaoga, akajipaka manukato, akasubiri.

Mume aliporudi alipiga magoti mbele ya kochi kama mfiwa.

"Masikini! Nani kakufanyia hivi?"

"Mimi," mkewe akasema. "Leo huna pa kulala, mume wangu. Labda kwa majirani, au chumbani kwetu."

"Na umekata upogo, mama! Hebu nipe gundi."

Kabla ya chakula cha jioni mguu mpya ulikuwa umesimama. Fundi akalikalia kochi, akarukaruka kwa fahari.

"Halitoi mlio hata kidogo! Unasikia?"

"Nasikia," mkewe alijibu kutoka chumbani. Alikuwa amejilaza upande wa mumewe, ili shuka ya upande huo nayo ipate mikunjo.