Tasa Mpaka Mwisho

Mwalimu Nyale alifundisha hesabu Ganze, na hesabu ndiyo iliyokuwa starehe yake. Mkewe, Kabibi, hakusomea mambo hayo, lakini kila mumewe alipokuja na jambo jipya aliketi kumsikiliza, mkono shavuni. Walikuwa wameoana miaka mingi. Mtoto hawakujaliwa.

Jumapili moja Kenga, mdogo wake Nyale, aliwaletea mwanawe mchanga wamwone. Kabibi akapika wali wa nazi, akampakata mtoto mpaka akalala. Walipokuwa wakila, Nyale alishindwa kujizuia. Kuna namba iliyokuwa imemshughulisha siku zile, naye alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota lulu.

"Hebu tazameni," alisema, akaiandika kwa chaki sakafuni: 73,939,133. "Milioni sabini na tatu na ushei! Kubwa hivi, na bado ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Sasa kata tarakimu ya mwisho." Akaifuta ile tatu kwa kidole gumba. "Inayobaki, tasa. Kata tena, tasa. Endelea kukata mpaka ubaki na saba peke yake, ni tasa tu. Na hakuna kubwa kuliko hii yenye tabia hiyo."

Kenga alimeza tonge. "Tasa mpaka mwisho," alisema. "Kumbe kaka unazifuga humu humu nyumbani."

Nyale akacheka. Alicheka kwa sauti, macho yangali sakafuni kwenye tarakimu zake.

Kabibi alimlaza mtoto mkekani taratibu, akakusanya sahani, akaenda jikoni. Kesho yake alifunga nguo zake, akaenda kwao Rabai.

Nyale alimfuata.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mkwewe.

"Marahaba. Yuko nyuma, anapukuchua mahindi."

Akamkuta. "Kabibi, neno lile ni la vitabuni. Sikukusema wewe."

"Najua. Namba tasa ulinieleza tangu tulipooana, nami nikazipenda." Hakuinua uso. "Kenga na mdomo wake namjua. Kilichonitoa ni wewe. Ulicheka, Nyale."

"Wallahi sikusikia alichosema."

"Hukusikia. Mimi nilikuwa nikikusikia kila siku."

Nyale alivuta kigoda, akachukua hindi, akamsaidia mpaka gunia likajaa. Kabibi hakumfukuza, wala hakuinuka kufuatana naye.

Huu sasa ni mwaka wa pili. Shule zikifungwa Nyale huenda Rabai, akapewa kiti na maji ya kunywa, wakazungumza habari za mvua, kisha akaaga. Darasani, mada ya namba tasa humwachia mwalimu mwenzake aifundishe.

Kenga naye alikwenda kuomba radhi. Kabibi alimsamehe papo hapo, akamfungia na kuku wa kumpelekea mtoto.