Pindo za Kwandu

Faudhia, fundi wa Bariadi mjini, alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuvumilia mshono uliopinda. Ukimpelekea gauni uliloshonewa na fundi mwingine, kwanza atasonya, halafu ndipo atakusalimia. Mkono wake wa kudarizi kwa cherehani ulisifiwa mpaka Nassa, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuusifu.

Mama yake, Kwandu, alikuwa amesahau karibu kila kitu, na macho nayo yalikuwa yamefifia. Lakini kila asubuhi alifungua sanduku la kanga zake, akatoa moja moja, akaipapasa na kumtaja mtoto aliyekuwa tumboni mwake alipoinunua.

"Hii ya Hanif. Hii ya Asumini." Akifika kwenye ile ya mwisho, alinyanyua uso. "Hii ya Faudhia. Yuko wapi Faudhia?"

"Nipo hapa, mayu."

"Ee, kumbe ni wewe!" Hapo alimshika mashavu, akamtambua. Jua likishapanda, Faudhia alikuwa tena mtu baki ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliishi kwa ajili ya asubuhi hizo.

Tamaa ikamwingia, tamaa ya mtoto kwa mama yake. Aliona kanga zile zikiunganishwa ziwe shuka moja nene la viraka, mama akajifunika usiku na mchana, hatamsahau tena. Akachambua pamba ya Sapiwi ya kujazia katikati. Akazikata kanga. Juu ya kila kipande akadarizi jina la mtoto kwa uzi wa dhahabu, ingawa Kwandu hakuwahi kujua kusoma. Pindo za zamani, ambazo mama alizishona kwa mkono, zilimtia aibu: huku zimekunjwa nene, huku mishono mirefu, kwingine mafundo matupu. Akazikata zote, akawashia mkaa, akachemsha chai.

Kazi ilikuwa nzuri, tusimnyime haki yake. Jirani yake Jenifer alikuja kuliona shuka, akabaki ameshika kiuno.

Asubuhi akalitandaza juu ya magoti ya mama. Kwandu hakujali maua wala dhahabu. Vidole vyake vilikwenda moja kwa moja ukingoni, vikazunguka shuka lote, vikazunguka tena. Kila upande ulikuwa umenyooka sawasawa.

"Kanga zangu ziko wapi?"

"Ndizo hizi, mayu. Nimeziunganisha."

"Hii ya dukani." Akalisukuma pembeni. "Zangu nilizipinda mwenyewe, kila mtoto na mshono wake. Yule wa mwisho alinisumbua sana tumboni, wake nikaupiga mafundo."

Miaka yote Faudhia alidhani mama anatambua maua ya kanga. Alikimbilia jikoni, akachokoa majivu kwa kijiti, akachokoa tena. Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse pindo zilizoungua.

Basi yeye, mchukia mshono uliopinda, alishinda na sindano ya mkono akipindisha mishono ukingoni mwa shuka kwa makusudi. Alishona, akafumua, akashona tena huku analia. Mkono haukumsikiliza. Kila fundo alilofunga lilikaa mahali pake, dogo, safi, limepishana na mwenzake kwa nafasi ileile.

Kulipokucha, Kwandu aliupapasa ule upindo mpya. Alipogusa fundo la kwanza uso wake ulitaka kufunguka, na Faudhia akasogea karibu. Kwandu akagusa la pili, akagusa la tatu. Kisha vidole vikasimama.

"Kazi safi," mama akasema kwa heshima, jinsi mtu anavyomsemesha mgeni. "Unaijua kazi yako, fundi. Ila mwanangu sijamwona leo. Ukikutana na Faudhia huko mjini, mwambie mama yake anamtafuta."

Faudhia alilikunja shuka taratibu, ncha kwa ncha.

"Nitamwambia, mayu," akasema.