Tambuu ya Bosi Trevor

Mama yake Domingas alifika kiwandani Jumatatu, saa ya mapumziko, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine ya kahawa. Alikuwa amefariki mwaka uliopita, na alikuwa bado amejifunga kitambaa kilekile cha kufumwa alichozikwa nacho. Janice wa kupakia mayai alimpita, akamwuliza, "Mzima, bata?" Kabla mama hajafungua mdomo, Janice alikuwa ameshafika mlangoni.

Watu wa Crewe, mji huo wa Uingereza, humwita kila mtu bata. Dereva wa basi ni bata, daktari ni bata, na hata anayekukanyaga mguu huomba radhi kwa bata. Wakikuuliza kama u mzima, usijisumbue kujibu. Mwanzoni Domingas alikuwa akijibu vizuri kabisa, anaanzia mgongo, anapitia baridi, anamalizia na ndoto aliyoota, na akigeuka anakuta anahutubia ukuta. Chakula cha jioni wanakiita chai. Kitu kikiwa kizuri mno wanasema si kibaya. Ukiwaambia jambo wasilolitaka hawalikatai, wanasema linavutia, kisha wanaongea habari za mvua.

Lugha hazikuwa shida ya Domingas. Kimakasae alikinyonya kwa mama yake, chini ya mlima Matebian, Timor ya Mashariki. Kitetun alikipata sokoni. Kiindonesia aliingiziwa shuleni kwa rula. Kireno, cha watawala wa zamani, kilikuwa ndani ya pasipoti iliyomleta Ulaya, na humo kilikaa kimya kama mgeni asiyejua choo kiko wapi. Kiingereza alikiokota kiwandani, kipande kipande, huku akipanga mayai yaliyopondwa juu ya mkate. Lugha zote hizo kichwani, na alichokuwa anaomba ni likizo ya wiki mbili tu.

Likizo yenyewe ilikuwa ya mama huyohuyo aliyekaa pale. Kwao mtu akifa, nyumba nzima huvaa nyeusi mwaka mzima. Mwaka ukitimia, binti mkubwa husimama kaburini, anavua nyeusi yake, na wengine wanafuata. Siku hiyo watu wanacheza ngoma mpaka kunakucha, na marehemu anaachiliwa apande Matebian akakae na wafu wenzake. Binti mkubwa asipofika, hakuna wa kumwachilia, hakuna kucheza, na hakuna kuoa wala kuolewa. Elda, mdogo wake Domingas, alikuwa na mchumba na gauni tayari, na vyote viwili vilikuwa vinamngojea dada.

Domingas alimbusu mama mkono, akamwuliza habari za safari. Mama akasema kule juu kwenye ndege kuna baridi. Kisha akauliza kinachomchelewesha Domingas ni nini, maana mwaka unakaribia kuisha na yeye hawezi kuning'inia hivi kama nguo kwenye kamba.

Domingas akamweleza habari za Bosi Trevor.

Trevor Salt ndiye aliyekuwa mkubwa wa mkanda wao wa kupangia mikate. Alikuwa mtu mnene, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema hapana. Tangu Januari, kila Domingas alipomwendea kuomba likizo, alimkaribisha kiti, akamsikiliza kwa kichwa kilichoinama upande, akamwambia, "Niachie mimi, bata." Domingas alimwachia. Februari akaenda tena, akamwachia tena. Kuondoka bila ruhusa hakuweza, maana nafasi yake ingepewa mtu mwingine kabla hajafika uwanja wa ndege, na chumba anacholala kilikuja pamoja na kazi.

Natalino, Mtimor mwenzake aliyeishi nyumba moja naye, alikuwa na maoni. "Dada, Mwingereza akikwambia niachie mimi, ujue umeshaliacha. Hulioni tena." Lakini wengine wote walimwambia shida ni Kiingereza chake. Janice alisema hivyo, na Trevor mwenyewe alisema hivyo, kwa upole, kwamba Kiingereza kikikaa sawa wataelewana. Domingas akajiandikisha darasa la jioni kwenye ukumbi wa kanisa. Wakamfundisha kukata tiketi ya treni ya London, mahali asipotaka kwenda.

Mama aliposikia maneno ya Trevor alifurahi. "Mbona basi ameshakubali?" akasema. "Mtu akisema niachie mimi, amelibeba. Wewe umemwacha alibebe peke yake, ndiyo maana linamlemea. Huna adabu, Domingas."

Kwao ndivyo ilivyo. Mwenye kubeba jambo haachwi. Wenye shida huenda wakakaa naye, wakamlisha tambuu, na hawainuki mpaka jambo liishe. Mama alipokuwa hai alimaliza posa za mabonde matatu kwa njia hiyo, na kuna baba mmoja mkaidi ambaye mama alimkalia kibarazani mpaka mahindi yakaota na kuvunwa. Kwa hiyo mama akainuka, akaingia ofisini kwa Trevor, akakaa.

Trevor akamwuliza kama ni mzima, akamletea chai ya maziwa. Mama, kwa kuwa amekufa, hakuinywa, ila aliipashia mikono joto. Mchana akaja mtu wa usafi, akampa kofia ya wavu ya kuzuia nywele, maana kanuni za kiwanda hazimsamehe mtu. Mama akaivaa. Siku zikaenda hivyo. Trevor anajibu simu, mama anamtazama. Trevor anakula, mama anamtazama. Domingas alipopita dirishani alimwona mama amenyooka mgongo kama aliyeko kwenye posa, akapata moyo kidogo.

Alhamisi mama akafungua fundo la nguo yake, akatoa popoo, jani la tambuu na chokaa, akakunja vizuri, akamwekea Trevor mezani. Mwingereza hawezi kukataa kitu mbele ya mama mtu mzima. Trevor akatafuna. Maji mekundu yakamteremka ndevuni hadi kwenye shati jeupe.

"Inavutia," akasema.

Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwao, aliyetafuna tambuu ya mtu amefungwa na shida yake.

Asubuhi iliyofuata Trevor alikuja kazini anaongea Kimakasae. Hakikuwa cha kubahatisha. Kilikuwa Kimakasae cha wazee wa mlimani, chenye heshima zote na mafumbo yake. Aliwagombeza vijana wa mizigo kwa lugha hiyo na vijana wakasogeza mizigo. Janice alisema Trevor siku zote alikuwa na sikio zuri, hata alipokwenda Hispania alirudi anaongea na wahudumu. Mambo yakaishia hapo.

Alipofika kwa Domingas alisimama. "Umeamkaje, binti wa Leopoldina?" akauliza kwa Kimakasae. Kisha akangoja jibu. Domingas hakuamini kwamba anangoja, akatazama mlango kwanza. Trevor alikuwa bado yupo. Basi akamwambia habari za mgongo, na baridi, na ndoto, na Trevor akauliza mgongo unauma upande gani.

Saa ya mapumziko Domingas alivua glavu, akaingia ofisini, akapiga goti mbele ya meza kama anavyopigiwa mzee. Mama alikuwa kando, amekunja mikono. Domingas akasema kila kitu. Kwa Kiingereza ombi lake lilikuwa na maneno ya mtoto: mimi kwenda, mama kufa, wiki mbili tafadhali. Sasa alianza na majina ya mababu, akashuka mpaka kwa mama, akaeleza kaburi lilipo na nani amelifagia, akaeleza nyeusi inavyowasha joto la huko likipanda, akamtaja Elda na gauni lake, na mchumba ambaye mama yake ameanza kunong'ona. Hakuwahi kusema vizuri namna ile. Mama mwenyewe alifuta macho, ingawa machozi yake hayakulowesha kitu.

Trevor naye alilia. Alisema ameelewa. Alisema mama yake mzazi amelazwa makaburi ya hapo Crewe, nyuma ya duka la matairi, na hajawahi kumweleza mtu. Akamshika Domingas mikono miwili, kama anavyoshikwa mtoto wa ukoo.

"Niachie mimi, mwanangu," akasema.

Maneno hayo yalikuwapo katika Kimakasae tangu zamani, na kila aliyeyasema aliinuka papo hapo kwenda kulimaliza jambo. Trevor hakuinuka. Simu ililia, akaipokea.

Mama aliendelea kumtazama mpaka alipomaliza simu, na nyingine, na nyingine. Halafu akamuuliza Domingas, taratibu, kama mtu huyu ana ugonjwa. Domingas akasema hana, Waingereza ndivyo walivyo.

Joto likaja na maagizo yakaongezeka, kwa kuwa Waingereza wakiliona jua hukimbilia nyasini na mikate. Mwaka ukatimia siku ya Jumamosi ambayo Domingas alikuwa zamu. Mama hakuachiliwa, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda. Trevor akamtafutia nafasi kwenye mkanda, kati ya Domingas na Janice. Mikono yake ilikuwa myepesi, hachoki wala haendi chooni, na Trevor alipopita alimsifu kwa Kimakasae safi.

Usiku ule Elda alipiga simu. Kwao kulikuwa kumeshapambazuka, na nyuma yake nyati wa kufugwa, wa kuchinjwa siku ya kumwachilia mama, alikuwa analia.

"Dada, ulimwambia kama tulivyokubaliana?"

"Nilimwambia."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kimakasae. Siku hizi anakijua."

Elda hakuona ajabu. "Labda hakuelewa maneno mengine," akasema. "Yale ya wazee ni magumu."

"Aliyaelewa, Elda. Aliyaelewa yote."

Elda akamwambia asubiri, akaweka simu chini, na Domingas akamsikia akienda uani kuwaambia watu wa mchumba wamfungue nyati, arudi malishoni.