Shingo ya Kapteni Kipyego

Kapteni Kipyego alikuwa rubani wa ndege za kivita, na kwa miezi minane alikuwa ameficha kwamba shingo yake haigeuki kushoto. Aliwaficha wenzake kambini, akamficha hata mkewe Jemutai, ambaye alidhani mumewe ameanza maringo, maana alipoitwa aligeuka mwili mzima kama bwana mkubwa.

Siku moja ya mwaka wa 1986, yeye na Luteni Wamalwa walikuwa angani, kila mmoja katika ndege yake, wakifanya mazoezi ya kufukuzana. Ndege ya aina hiyo ikikata kona kali, mwili wa rubani huwa mzito mara tano, mara sita, na kichwa chenye helmeti huwa kama gunia lililowekwa juu ya shingo. Kipyego alitaka kutazama nyuma kushoto, ajue mwenzake yuko wapi. Shingo ikakataa. Maumivu yakamshika kutoka sikioni hadi begani. Alipofaulu kuinua macho, tumbo la ndege ya Wamalwa lilikuwa limejaza kioo chote cha mbele. Kisha likaruka juu, likapotea.

Walipotua, Wamalwa alimfuata mbio. "Afande, hukuniona?"

"Jua lilinipiga machoni."

Wamalwa alimtazama kidogo. Jua lilikuwa upande wa kulia, ilhali yeye alikuwa ametokea kushoto. "Sawa, afande," akasema, wala hakuripoti.

Wiki iliyofuata Kipyego alienda likizo nyumbani Kaptagat. Asubuhi ya kwanza alipokuwa akirudisha pikapu nyuma bila kugeuza kichwa, aliangusha nguzo ya geti. Jemutai akatoka jikoni na mikono yenye unga.

"Leo utaniambia," akasema.

Akamwambia. Jemutai hakulia wala hakugomba. Alinawa mikono, akawaacha watoto kwa jirani, akachukua leso yake, wakaenda Eldoret kwa Mama Kavetsa, mama wa Kimaragoli aliyekuwa akitibu misuli na viungo katika zahanati ndogo. Wakimbiaji wengi walimjua.

"Nilianguka kwa trekta," Kipyego alidanganya.

Mama Kavetsa alimpapasa shingo kwa vidole vigumu, polepole. "Baba, trekta haifanyi hivi. Huku kushoto misuli imekauka kama kamba. Unabeba nini kizito kichwani?"

Jemutai akakohoa.

"Helmeti," Kipyego akasema. "Mimi ni rubani. Mama, wakijua, watanishusha kwa ndege, na sijui kazi ingine."

"Mimi naweza kukupunguzia maumivu. Lakini huko juu hauko peke yako, ama?"

Swali hilo lilimkaa moyoni. Kwa wiki tatu alipanda kitanda cha matibabu cha Mama Kavetsa, akafundishwa kusukuma paji la uso dhidi ya kiganja, kisha kisogo, kisha kila upande, asubuhi na jioni. Jemutai alimhesabia. Siku ya kurudi kambini alikwenda kwanza kwa Wamalwa.

"Halikuwa jua," alisema. "Ni shingo. Ningekuua, ndugu yangu. Asante kwa kuruka juu."

Wamalwa alikaa kitandani kwa kishindo. "Afande, mimi mwenyewe nalala na taulo nimeiviringisha chini ya shingo tangu Krismasi."

Wakaenda pamoja kwa daktari wa kambi. Kipyego aliondolewa angani miezi minne. Siku za kwanza zilikuwa chungu, kusikia ndege zikipaa naye yuko ofisini na makaratasi. Lakini marubani wengine watatu walijitokeza, mmoja mmoja, kukiri kwamba nao wanaumwa shingo, na daktari akaamuru mazoezi ya shingo yawe sehemu ya kila asubuhi. Miezi hiyo minne ilipoisha Kipyego alipimwa, akageuza kichwa kushoto hadi kidevu kikagusa bega, akarudishiwa ndege yake.

Likizo iliyofuata alifika kwa Mama Kavetsa akiwa pamoja na Jemutai na Wamalwa, na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao. Alikuwa amepanga maneno ya shukrani njia nzima. Mama Kavetsa alipokea kibuyu, akakiweka dirishani, akamwonyesha kitanda.

"Mama, nilikuja tu kusema asante. Watoto wangu wana baba kwa sababu yako."

"Lala kwanza," akasema, vidole tayari viko shingoni. "Utasema nikimaliza. Na huyo mwingine avue shati."

Kipyego alilaza uso kwenye shuka safi, akacheka, machozi yakimtoka.