Waya na Kiti cha Kuzunguka

"Kabla chai hii haijapoa, simu zote za kliniki hii zitakuwa zinalia kwa amri yangu!" alitangaza Waya, na chai yenyewe ilikuwa inafuka moshi.

Waya ni jina alilojipa mwenyewe, maana lile la kuzaliwa aliliona halina umeme. Mjomba wake, daktari wa meno na mwenye kliniki, alimtazama juu ya miwani.

"Saa sita kuna mgonjwa atanipigia. Simu ikiita, ofisi hii ni yako, pamoja na kile kiti cha kuzunguka. Isipoita, Jumatatu unarudi stoo kubeba maboksi ya glavu, nami namwita fundi wa kweli."

"Fundi wa kweli ndiye huyu unayeongea naye, Mjomba."

Mfumo wenyewe ulikuwa wa programu huria, ule wa bure ambao mtu anaushusha mtandaoni na kuigeuza kompyuta yoyote kuwa seva ya simu. Waya aliusimika kwenye kompyuta kuukuu aliyoifukua stoo, na kusimika kukaenda kama mchezo. Simu za ndani zikawaka. Akanyanyua mkonga wa simu ya mezani, akawapigia mapokezi, anakokaa mama yake mdogo.

"Mapokezi! Mnanisikia?"

"Tunakusikia, baba. Nimekuweka kwenye spika, redio yetu imekufa tangu jana na wagonjwa wamenuna."

"Waambie wasinune, ndani kuna mtaalamu!"

Akaulaza mkonga kando ya kibodi, akakunja mikono ya shati. Ilibaki kuamilisha tu, yaani kuusajili mfumo kwa wenyewe huko mtandaoni, ndipo ukubali simu za nje. Akabofya kwa mbwembwe.

Skrini ikajibu: cheti cha usalama bado hakijaanza kutumika.

Akabofya tena. Jibu lile lile. "Watu wa intaneti hawa!" Akaichomoa modemu, akaichomeka. Akaipuliza vumbi. Akaibembeleza kama mchumba: "Mpenzi, usiniaibishe mbele ya Mjomba." Akaitukana. Akaiomba msamaha. Chai ikapoa, ikaota utando.

Saa tano na nusu alitoa simu ya mfukoni, akampigia mama yake kwa sauti ya chini, midomo karibu na kibodi.

"Mama, mpigie kaka yako. Mwambie nimeshikwa na tumbo la kuendesha... Hapana, sijala kitu kibaya... Mama, usicheke, mwanao anaangamia!"

Alipokata, Mama Usafi alikuwa mlangoni na dekio lake.

"Inua miguu, mtaalamu."

Akainua. Mama Usafi akapiga deki chini ya meza, kisha akaegemea mpini na kuikodolea macho skrini.

"Hivi kompyuta yako inajua leo ni lini?"

"Mama, hayo ni mambo ya seva."

"Haya. Ila pale pembeni imeandika mwaka ambao mjukuu wangu hajazaliwa. Na mjukuu wangu yuko darasa la nne."

Waya alitazama. Akatazama tena. Kibetri cha saa ya ndani ya kompyuta, kile cha ukubwa wa kifungo, kilikuwa kimekufa stoo, na mashine ilikuwa inaishi zamani kwa raha zake. Cheti kilikuwa cha sasa. Kwake kilikuwa cha kesho kutwa isiyofika. Akarekebisha tarehe, akabofya huku kafumba jicho moja. Kijani!

"Mama yangu mzuri," alisema, amelishika dekio lake, "haya yaishie humu humu. Korido nakupigia deki mimi, wiki nzima."

"Wiki mbili."

"Mbili. Na ngazi."

Saa sita kamili simu ya Mjomba ikalia, mgonjwa akaongea naye, na dakika moja baadaye Mjomba mwenyewe akaingia na glavu zake mikononi.

"Umenishangaza. Ilikuwa na tatizo gani?"

Waya alikuwa ameshakikalia kiti, anajizungusha polepole. "Nikueleze utaumwa kichwa, Mjomba. Ilibidi niuandike upya ubongo wa seva, mstari kwa mstari. Peke yangu."

Kutoka mapokezi ukavuma mcheko wa watu wengi. Mzee mmoja mwenye shavu lililovimba akachungulia mlangoni, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili ulikuwa umeshikwa na ganzi.

"Samahani, daktari. Wenzangu wamenituma. Wanasema tarehe aliigundua Mama Usafi. Na wanauliza, tumbo la kuendesha limepona? Na yule mpenzi wake, modemu, hajambo?"

Kiti kikaacha kuzunguka. Taratibu, macho ya Waya yakashuka hadi kando ya kibodi, ulipolala mkonga ambao hakuna aliyeurudisha tangu asubuhi.

Mjomba alivua glavu moja, akamgeukia Mama Usafi, aliyekuwa bado pembeni na dekio lake. "Keti, mama, umesimama sana leo. Wewe Waya, mpishe kiti, ulishike hilo dekio."

Mama Usafi akaketi, akajizungusha mara moja kujaribu. Na kutoka kwenye mkonga pale mezani sauti ya Mama Mdogo ikasikika, nyembamba lakini safi kabisa, bila mkwaruzo hata mmoja:

"Na ngazi, kaka. Alisema na ngazi."