Mifuko ya Hakimu

Mke wangu aliongea na dunia nzima akiwa ndani ya kabati la nguo. Mtangazaji wa redio ya ng'ambo alitaka mahali pasipo mwangwi, na vyumba vyetu vilikuwa sakafu tupu na kuta. Basi profesa wangu akajikunyata kati ya magauni yake na joho langu la kazi, simu sikioni. Mimi nikachomoa waya wa friji isivume, nikasimama nje ya kabati kama mlinzi.

Yeye alikuwa bingwa wa kuchunguza rushwa mahakamani. Mimi nilikuwa hakimu. Watu walitutania, paka na panya kitanda kimoja. Kitabu chake kilipotoka, vituo vya nje vilimgombania, na kazini wenzangu wakawa wananyamaza kila nilipoingia chumba cha chai. Nilitamani aseme neno moja tu la kunitoa kwenye kundi la wala rushwa. Sikuliomba, maana alishanionya zamani: "Kwenye utafiti sina mume, baba watoto. Nina ushahidi."

Mle ndani alizungumza vizuri, bila papara, juu ya kesi zinazoahirishwa mpaka mwenye kesi "aelewe", na mafaili yanayopotea yakapatikana kwa miujiza. Kisha akaulizwa swali nisilolisikia.

"Hakimu safi? Namjua mmoja," akasema. "Napekua mifuko yake kila ninapofua, tangu tuoane. Sijakuta kitu ila vifuniko vya kalamu."

Nilifurahi, na uchungu ukaja nyuma ya furaha. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nachunguzwa nyumbani kwangu.

Jumapili, kipindi kiliporushwa, ndugu walijaa sebuleni kusikiliza. Kesi zilizoahirishwa zikatajwa, mafaili yakatajwa, halafu ukapigwa muziki. Maneno ya mifuko yangu yalikuwa yamekatwa.

Dada yangu, ambaye ulimi wake hauna breki, akamgeukia mke wangu. "Wifi, ndiyo kusema samaki mmoja akioza wote wameoza? Hata huyu wako?"

"Nilisema," mke wangu akajibu. "Wamekata. Kesho nawapigia."

"Waache," nikamwambia. "Mimi nilikuwa mlangoni pa kabati, nilisikia."

Kazini walininunia mpaka nilipostaafu. Iliniuma, sitadanganya.

Siku ya kufua ilipofika, alikaa uani na beseni lake. Akachukua suruali yangu, mkono ukaelekea mfukoni, akaniona namtazama, akausimamisha.

"Endelea," nikasema. "Pekua."

Akapekua mfuko mmoja, kisha wa pili, pole pole, macho yake kwangu. "Hamna kitu," akasema.

Joho sasa sijui liko wapi. Mifuko bado anaipekua, na mara mojamoja, kabla sijampa suruali, natia humo kifuniko cha kalamu.